Nani Anamhukumu Maestro?

Kila tarehe 30 Juni, Kisangani huamka na ngoma. Kabla gavana hajakaa jukwaani, vijana wa fanfari wamekwisha kujipanga barabarani: Wakimbangu na rangi zao za kijani na nyeupe, Jeshi la Wokovu, maskauti, wanafunzi wa shule za parokia. Ukiwasogelea kabla hawajaanza utaona mambo yasiyoonekana kutoka jukwaani. Mkanda wa ngoma kubwa umeacha mfereji mwekundu shingoni mwa mtoto. Yule wa ngoma ndogo ana alama pajani, kwa sababu kila hatua ngoma humgonga palepale. Mmoja amechelewa. Anatolewa kwenye mstari, anapigishwa magoti kwenye lami mbele ya wenzake, na jua limekwisha kupanda. Wapita njia wanatazama, wanasema hiyo ndiyo nidhamu, wanakwenda zao.

Siipingi nidhamu. Vijana 40 hawawezi kupiga pigo moja kwa wakati mmoja kama kila mtu anafuata kichwa chake, na mtoto aliyejifunza kuwahi mazoezi saa tisa alasiri amejifunza jambo litakalomsaidia maisha yake yote. Ninachouliza ni kingine. Adhabu ile inatolewa na nani? Inatolewa mbele ya nani? Na yule anayeitoa, maestro au kijana mkubwa aliyekabidhiwa wadogo, siku atakapokosa yeye, kesi yake inasikilizwa wapi? Katika vikundi vingi vya ngoma, huku kwetu na ng'ambo, maswali mawili ya kwanza yana majibu. La tatu halina, na huko ndiko watoto wanakoumizwa.

Watu wa Mto Kongo wana ngoma ya zamani kuliko fanfari. Basoko iko pale Aruwimi unapoingia katika Mto Kongo, kama kilomita 200 chini ya Kisangani. Tarehe 1 Februari 1877 Henry Morton Stanley alifika hapo na Wangwana wake waliotoka Unguja, na mitumbwi ya vita ikawatokea. Mwenyewe aliihesabu 54, akakadiria watu waliokuwamo kuwa kama 2,000. Safari yote ile ya kuteremka mto, sauti za ngoma ziliwatangulia kijiji hata kijiji, kwa maana ngoma za miti za huko husema.

Ngoma hiyo ni gogo la mti mgumu mwekundu, lililochimbwa tumbo kupitia upenyo mwembamba uliokatwa juu yake. Ukingo mmoja wa upenyo huachwa mnene kuliko wa pili, na kila ukingo una sauti yake, ya juu na ya chini. Lugha za ukanda huo hupambanua maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mpigaji hutoa huko kupanda na kushuka, naye msikilizaji aliye kilomita kadhaa hujaza maneno. Aliyelieleza jambo hili vizuri kwa wageni ni John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibaptisti aliyefika Kongo mwaka 1938, akafanya kazi Yakusu na Yalemba, akachapisha kitabu chake juu ya ngoma hizo mwaka 1949, na baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha Kisangani. Miongoni mwa aliyoyaandika, moja limenikaa: jina la mtu kwenye ngoma, kwa Walokele, watu wa mto huo, lilikuwa na jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake.

Maana yake ni kwamba ngoma haikumwita mtoto peke yake. Ilimwita pamoja na jamaa zake, upande wa kuumeni na upande wa kukeni. Na aliyekuwa akipiga alisikiwa na mto mzima, pamoja na wajomba wa huyo mtoto. Hapakuwa na faragha. Aliyetumia ngoma vibaya aliitumia mbele ya watu wote.

Ngoma ya gwaride ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Dola Huru la Kongo lilijenga kambi yenye ngome hapo Basoko, ili kuzuia nguvu za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa juu ya mto, huku mkubwa wao, Tippu Tip, akiwa amepewa uwali wa Stanley Falls na dola hilohilo mwaka 1887. Katika kambi za Force Publique, jeshi la dola hilo, tarumbeta na ngoma ziliwaamsha askari, zikawaita kula, zikawaita kazini, na zikawakusanya kushuhudia mwenzao akilazwa chini na kuchapwa viboko. Huko ndiko fanfari zetu zilikochukua mstari, sare na saluti. Kwa bahati mbaya zilichukua pia desturi ya kwamba aliye juu hapaswi kuulizwa.

Lakini si kila aliyeiga gwaride la Mzungu aliiga na woga wake. Watu wa pwani wanajua habari za beni. Kuanzia miaka ya 1890, Mombasa na Lamu, kisha Tanga na Dar es Salaam, vijana waliunda vyama vya kucheza gwaride kwa ngoma na tarumbeta, na vyama hivyo vikashindana viwili viwili: Marini kwa Arinoti. Vita vya kwanza vya dunia vikawabeba askari na wapagazi, nao wakaibeba beni hadi bara, hata kwenye machimbo ya Katanga. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Vyama hivyo vilikuwa na mfalme, jenerali, daktari, na matawi ya wanawake yenye vyeo vyao. Vilikuwa na faini. Vilizika wafu wao na kuwasaidia wagonjwa wao.

Beni ilikuwa na ugomvi wake, na ubadhirifu wake ulisemwa sana. Hata hivyo, palikuwa na jambo ambalo fanfari ya leo ingefaa kulitazama tena: cheo kilitolewa na wanachama. Ukubwa wa mfalme ulitegemea watu kukubali kumfuata, na ng'ambo ya mtaa palikuwa na chama kingine kinachopokea wageni. Mtu mzima aliyeonewa aliweza kuondoka. Mtoto wa miaka 12 aliyepelekwa fanfari na mama yake hawezi. Kwake maestro ni mwalimu, ni kama baba, na mara nyingi ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha vyombo.

Katika Kongo jambo hili lina uzito wake wa pekee. Wazee wa Kisangani wanaukumbuka wakati wa Mobutu, alipotoka kutembelea China na Korea Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na shule, viwanda na ofisi zikalazimika kuwa na vikundi vya ngoma na dansi vya kukisifu chama na kiongozi wake. Kukosa mazoezi hakukuwa tena kosa la muziki. Watoto wao wanakumbuka Machi 1997, jeshi la Laurent-Désiré Kabila lilipouteka mji likiwa na kadogo ndani yake, watoto wenye bunduki ndefu kuliko miguu yao. Kisha Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana ndani ya mji kwa siku sita. Katika mji wa namna hii, kumvika mtoto sare, kumpa cheo cha kijeshi na kumwambia atii bila kuuliza si mchezo mwepesi. Anayefanya hivyo kwa ajili ya muziki anawajibika kuonyesha kwa vitendo kwamba kikundi chake si kambi.

Nitaeleza kwa kirefu kisa kimoja cha mbali, maana huko Marekani mambo yalifika mahakamani na yakaandikwa wazi, na kwa hiyo tunaweza kuyatazama bila kubahatisha.

Marching 100 ni bendi ya gwaride ya chuo kikuu cha Florida A&M, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Sifa yake ilikuwa kubwa kiasi cha kualikwa Paris mwaka 1989, kwenye gwaride la miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 19 Novemba 2011, jioni, baada ya mechi ya mpira mjini Orlando, kijana wa miaka 26 aitwaye Robert Champion aliingia katika basi lililokuwa limeegeshwa nje ya hoteli ya bendi. Hakuwa mgeni. Alikuwa mmoja wa viongozi wa gwaride, wale wanaotangulia mbele na fimbo. Wazazi na marafiki zake walisema baadaye kwamba aliuchukia uonevu wa kuwapiga wanachama ili wakubalike.

Basi hilo liliitwa basi C, na lilikuwa la wapiga ngoma. Sheria yake haikuandikwa popote: anayetaka kuheshimiwa atembee kutoka mbele mpaka nyuma, kwenye ujia mwembamba katikati ya viti, huku wenzake pande zote mbili wakimpiga ngumi, mateke, na hata vijiti vya ngoma. Champion aliupita ujia huo. Akalalamika kwamba haoni vizuri na anashindwa kupumua, akaanguka, na kabla usiku haujaenda mbali alikuwa amekufa. Madaktari walisema kwamba vipigo vilivunjavunja nyama za mwili wake hata damu ikavujia ndani. Watu 15 walishtakiwa. Aliyehesabiwa kuwa kinara wa basi alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miezi 77. Rais wa chuo alijiuzulu, mwalimu mkuu wa bendi akastaafu, na bendi haikuonekana uwanjani tena mpaka mwaka 2013.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo palikosekana sheria. La. Tangu mwaka 2005 jimbo la Florida lilikuwa limefanya uonevu wa namna hiyo kuwa jinai. Chuo kilikuwa na kanuni. Mwalimu mkuu wa bendi alikuwa amewasimamisha wanachama wapatao 26 siku chache tu kabla ya kifo hicho. Wanafunzi wa awali walikuwa wamewahi kulazwa hospitali kwa vipigo, na kesi zimepita. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa msimamizi ndani ya basi.

Nadhani watu hawalisemi vya kutosha jambo hili. Mchana, uwanjani, Champion alikuwa kiongozi na wale wapiga ngoma walimfuata. Usiku, ndani ya basi, mamlaka yalikuwa yao, na yeye akawa wa kuomba kupokelewa. Kikundi kimoja, serikali mbili. Ile ya mchana ina sare, ratiba na mwalimu. Ile ya usiku inaendeshwa na vijana wakubwa waliopigwa walipokuwa wadogo, na wanaoamini kwa dhati kwamba kipigo ndicho kilichowafanya kuwa watu. Wanafunzi wa bweni Tanzania waliowahi kuitwa njuka, na wa Kenya waliowahi kuitwa mono, hawahitaji kuelezwa serikali hiyo inavyofanya kazi. Mkubwa anamtuma mgeni maji, anachukua sabuni yake, anamwimbisha saa nane za usiku, na asubuhi mwalimu wa zamu anaandika kitabuni kwamba bweni limelala salama.

Kwa hiyo ninaposikia maestro akijisifu kwamba kwake hakuna tatizo kwa sababu wakubwa wanawashughulikia wadogo wenyewe, nafadhaika. Anaeleza tatizo akidhani anaeleza suluhisho.

Upande wa pili wa jambo ni maestro mwenyewe. Hukohuko Marekani kuna mashindano makubwa ya vikundi vya ngoma na tarumbeta vya vijana, yanayosimamiwa na chombo kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwa vikundi vilivyoogopwa zaidi uwanjani ni The Cadets, kilichoanzishwa New Jersey mwaka 1934 katika parokia ya Kikatoliki, na ambacho baadaye kilihamia Pennsylvania. Kwa zaidi ya miaka 30 kiliongozwa na mtu mmoja, George Hopkins. Aprili 2018 gazeti la Philadelphia lilichapisha habari za wanawake tisa waliosema kwamba aliwanyanyasa kingono, nyingine zikirudi nyuma hadi miaka ya 1980. Alikana, lakini alijiuzulu siku hiyohiyo. Aprili 2024 kikundi kikatangaza kwamba kinafunga milango, kikiwa kimelemewa na gharama za kesi nyingine ya madai ya unyanyasaji wa zamani, na kushindwa kupata bima. Kikundi kilichodumu miaka 90, chenye vikombe vingi, kilizimika.

Watoto wa vikundi hivyo hutimuliwa kwa kuchelewa, kwa kunywa pombe, kwa kujibu vibaya. Kosa la mtoto lina kifungu chake katika kanuni na huonekana jioni ileile. Kosa la mkubwa huchukua miaka thelathini, na mara nyingi hulazimika kusubiri gazeti. Fanfari ya mtaani Kisangani haina gazeti la kuisubiri.

Tukirudi nyumbani, si kweli kwamba hatuna mahali pa kuanzia. Kanisa la Kimbangu linanivutia katika hili. Simon Kimbangu, alipoanza kuhubiri kule Bas-Congo mwaka 1921, aliwataka wafuasi wake waache ngoma za dansi pamoja na hirizi, na ngoma nyingi zikavunjwa. Alifungwa mwaka huohuo, akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, na leo hakuna sherehe yake isiyo na fanfari. Ngoma imerudi, lakini chini ya masharti yanayojulikana na kila mtu: hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna ugomvi. Sisemi kwamba masharti peke yake yanamlinda mtoto, tumeona Florida. Nasema kwamba masharti haya yanamfunga mzee wa kanisa sawasawa na mpiga tarumbeta wa miaka 13, na mama yeyote aliyekaa benchini anayajua kwa moyo. Akimwona maestro amelewa hahitaji kuuliza kama ni kosa.

Kenya nako kuna Starehe, shule iliyoanzishwa na Geoffrey Griffin na wenzake wawili mwaka 1959 ikiwa na vibanda viwili vya bati kwa ajili ya watoto wa mitaani, na ambayo bendi yake imekuwa ikipiga katika sherehe kubwa za taifa. Griffin alikuwa mtu wa gwaride na alipenda nidhamu kali. Lakini aliweka baraza, mkutano wa kila wiki ambapo mwanafunzi yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliweza kuleta lalamiko na kusikia jibu mbele ya shule nzima. Jambo hilo halihitaji fedha. Linahitaji mkubwa aliye tayari kujibiwa na watoto.

Sheria ya Kongo yenyewe haiko kimya. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inadai kwamba nidhamu nyumbani, shuleni na katika taasisi za kijamii itolewe kwa utu. Sheria za mwaka 2006 juu ya ukatili wa kingono ziliongeza makali. Fanfari ya parokia ni taasisi ya kijamii. Maestro anayempiga mtoto kwa kijiti cha ngoma kwa sababu amekosea pigo hawezi kujificha nyuma ya neno mazoezi.

Ila sheria ya Kinshasa inafika polepole kwenye ukumbi wa mazoezi wa Makiso au Mangobo, na Basoko inafika polepole zaidi. Hatua ya kwanza iko mikononi mwa wazazi, na wakati mzuri wa kuichukua ni pale kikundi kinapoomba ruhusa ya kusafiri. Tuseme fanfari ya Kisangani imealikwa kupiga kwenye sikukuu ya parokia huko Basoko. Watateremka kwa boti, watalala njiani au watalala kwa wenyeji, usiku mmoja au miwili. Hiyo ndiyo saa ya basi C. Mama mwenye mtoto humo ana haki ya kumwendea maestro na kumuuliza waziwazi, bila kuona haya. Nani analala na wasichana, na nani analala na wavulana wadogo? Kuna akina mama wawili au watatu wanaosafiri nao, wasio ndugu wa maestro? Chakula kinagawiwa na nani, maana kunyimwa chakula ndiyo adhabu ya kwanza ya vijana wakubwa? Mtoto akikosea atafanywa nini, na je, yeye mwenyewe amekwisha kuambiwa? Halafu lile swali la mwisho, gumu kulitamka mbele ya mtu mnayemheshimu: mwanangu akiwa na shida na wewe, baba, amwendee nani?

Padri au mchungaji aliye na fanfari anapaswa kuwa na jibu la swali hilo kabla halijaulizwa. Awataje watu wawili, mmoja mwanamke, wasio wapiga muziki na wasiopata chochote kutoka kwa maestro. Awasimamishe mbele ya waumini Jumapili, pamoja na watoto wa kikundi, ili hata mdogo kuliko wote awajue kwa sura. Adhabu zote ziandikwe katika daftari, siku, kosa, na jina la aliyeitoa, na daftari hilo lisomwe na wazazi kila mwezi. Kupiga na kunyima chakula kuondolewe kabisa. Anayechelewa afagie ukumbi, anayepoteza vijiti avichonge vingine, anayempiga mwenzake akae bila sare mwezi mzima na wazazi waitwe. Na maestro akituhumiwa, awekwe kando siku hiyohiyo mpaka jambo lisikilizwe, hata kama sikukuu ni kesho na hakuna mwingine anayejua kuongoza. Kikundi kitapiga vibaya mara moja, na boti itateremka Basoko bila yeye.